Maswali ya wasomaji: Kocha wa walimu na mtoto aliyebaki nyuma

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa walimu wa Nairobi, na karibu zote zinazunguka jambo moja. Shule zinateua makocha wa ufundishaji, yaani mwalimu anayeketi na mwenzake wakachagua tatizo moja, akamwonyesha njia, akamtazama akiijaribu darasani, kisha wakaketi tena. Sasa mtu huyu anamfaaje mtoto asiyejua kusoma wala hesabu za kutoa? Barua tumezifupisha, majina tumeyaacha.

Nimeteuliwa kuwa kocha wa walimu watano wa gredi za chini, na bado nina darasa langu la Gredi ya 3 lenye watoto 68. Karibu nusu hawawezi kusoma aya. Mwalimu mkuu anataka Jumatatu nianze kuwatembelea wote watano. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Kayole*

Usianzie madarasani. Anza kwa kuwasikiliza watoto wakisoma, mmoja mmoja. Kocha asiyejua mtoto amekwama wapi huishia kumsahihisha mwalimu mwandiko wa ubaoni na mpangilio wa madawati, na hayo hayajamfundisha mtu kusoma.

Karatasi moja inatosha. Juu weka silabi 10. Katikati weka maneno 10: matano mepesi kama "kuku" na "meza", na matano yenye konsonanti zilizobanana kama "ndizi", "mbwa", "nyanya", "shamba" na "ng'ombe". Chini andika aya ya maneno 40 hivi kuhusu jambo analolijua mtoto wa mtaa wenu: kuchota maji, kupanda matatu, kununua mandazi. Mtoto aanze na aya. Ikimshinda ashuke kwenye maneno, nayo yakimshinda ashuke kwenye silabi. Mwishowe utakuwa na makundi manne: wa silabi, wa maneno, wa aya, na wale wanaosoma bila shida. Kupanga watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya gredi ndiko kulikolipa sifa shirika la Pratham la India, na njia hiyo imefika nchi kadhaa za Afrika.

Kila mtoto mpe dakika tatu. Watoto 68 ni dakika 204, karibu vipindi saba vya dakika 30, kwa hiyo itawanye kazi hiyo juma zima, wengine wakiwa na zoezi la kuandika. Ukijaribu kuwamaliza siku moja, hao 20 wa mwisho utawapima ukiwa umechoka na utawaweka kundi lisilo lao.

Angalia mtego mmoja kwenye silabi. Watoto wengi wamekariri "ba, be, bi, bo, bu" kama wimbo. Ukimwonyesha "bo" atanyamaza kidogo, midomo ikicheza, kisha ataisema sawasawa. Amepanda ngazi kimoyomoyo kutoka "ba" mpaka akafika. Huyo hajasoma, ameimba. Kata kadi za manila, zichanganye silabi za herufi mbalimbali, umpe moja moja: "lo", "ki", "bu", "ne". Ukweli utautambua kabla ya kadi ya tano.

Kuhusu walimu watano, kataa kwa adabu na uende na hesabu mkononi. Mwalimu mmoja akifanyiwa ukocha wa kweli anahitaji dakika 20 za kupanga, 15 za kutazamwa na 15 za mazungumzo kila juma. Ni dakika 50. Kwa watano ni 250, zaidi ya vipindi vinane, na wewe una darasa. Chukua mmoja, au wawili kwa shida, kwa majuma sita. Wengine watafuata zamu.

Lengo liandikwe kwa mtoto, si kwa mwalimu. "Mwalimu aboreshe mbinu za ufundishaji" si lengo, maana hakuna atakayejua limetimia lini. Andika hivi: "Watoto 9 wa kundi la silabi wasome maneno 8 kati ya 10 ya silabi mbili kufikia Ijumaa ya juma la 6." Juma la kwanza fundisha wewe hao tisa kwa dakika 10 naye atazame. Juma la pili fundisheni pamoja. Kuanzia la tatu ni yeye, nawe unatazama.

Na kutazama kwenyewe kuna namna yake. Usikae nyuma ya darasa na fomu. Kaa kando ya watoto watatu wa kundi hilo, kunja karatasi sehemu tatu, moja kwa kila mtoto, na piga mstari kila mtoto anaposoma neno kwa kinywa chake mwenyewe, peke yake. Darasa linaposoma kwa pamoja, itazame midomo yao: inafuata nusu pigo nyuma ya wengine, kama mtu asiyeujua wimbo wa kanisa. Kipindi chenye sauti ya kutikisa mabati kinaweza kuisha na karatasi yako haina mstari hata mmoja. Mwonyeshe mwalimu karatasi hiyo bila kuongeza neno. Mara nyingi hakuna haja ya neno.

Kisha badilisheni kitu kimoja tu. Tunachopendekeza kwanza ni kuvunja ule usomaji wa pamoja: safu moja isome, halafu wawili, halafu mmoja. La pili, likifika zamu yake, ni kusubiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja tu au hata chini yake, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi watoto hujibu zaidi na kwa urefu. Mtoto wa kundi la silabi ndiye anayezihitaji sekunde hizo, na ndiye asiyezipata, kwa sababu wa mbele ameshapiga kelele "Mwalimu mimi!"

Yanayoharibu kazi hii ni yale yale kila mahali: kubadilisha mambo matatu kwa mpigo, kuzungumzia Ijumaa kipindi cha Jumatatu, na kuwaacha watoto kundi moja muhula mzima. Uyaite makundi Simba na Twiga upendavyo, siku ya pili darasa zima litajua Twiga ndio "wasiojua". Dawa yake ni kupima upya kila baada ya majuma mawili na kuwahamisha, hadharani, waliopanda.

Mazungumzo yenu na yaanze kwa mtoto kila mara. Katika mradi wa Tusome wa kufundisha kusoma, ulioanza 2015 katika shule zetu za msingi, afisa wa kusaidia mtaala (CSO) alitembea na tableti, na alipomaliza kutazama kipindi alichagua watoto watatu bila mpangilio akawasikiliza wakisoma. Tabia hiyo iigeni hata kama hamna tableti.

Kocha huandika mambo kwenye daftari lake, na baada ya siku mbili mwalimu mkuu ananiuliza habari ambazo kocha peke yake ndiye aliyezijua. Tathmini ya utendaji wetu, TPAD, ikikaribia naogopa. Je, naweza kumkatalia asiingie darasani kwangu?
*Mwalimu, Mathare*

Kukataa kutazamwa kabisa huwezi, kwa sababu kutazamwa vipindi kumo ndani ya TPAD yenyewe. Lakini TPAD ni tathmini ya TSC, tume inayoajiri walimu, na ukocha ni kitu kingine. Vikichanganywa kinachokufa ni ukocha. Mwalimu atamwandalia kocha kipindi cha maonyesho, watoto wepesi watatangulizwa, na wale waliobaki nyuma watafichwa. Hao ndio kazi nzima ilianzishwa kwa ajili yao.

Ombeni kikao cha watu watatu, wewe, kocha na mwalimu mkuu, muandike makubaliano ya nusu ukurasa. Mwalimu mkuu aambiwe nani anakutana na kocha, siku gani na lengo gani. Asiambiwe kilichosemwa wala kilichoharibika. Karatasi ya mistari ibaki mikononi mwako, siyo kwa kocha: akiondoka darasani anakuachia. Hapo hana cha kumpelekea mtu hata akitaka.

Jambo moja halina siri, nalo liandikwe wazi kwenye makubaliano hayo: mtoto akipigwa au akidhalilishwa, kocha hatanyamaza. Viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalitia nguvu katazo hilo.

Kama kocha wenu ndiye mwalimu mkuu mwenyewe, kama ilivyo katika shule ndogo za mitaani, badilishaneni na shule jirani: wa kwao aje kwenu, wenu aende kwao.

Ninayepaswa kumfanyia ukocha ana miaka 56, mimi 29. Nilipomwomba tuzungumzie kipindi chake alinijibu: "Mwanangu, chaki hii nimeishika kabla hujazaliwa." Nifanyeje?
*Mwalimu, Dagoretti*

Amekwambia kweli, kwa hiyo anzia hapo. Mwalike yeye kwanza aje darasani kwako na karatasi ya mistari. "Mwalimu, kuna watoto watatu sijui nimewapoteza wapi, nitazamie." Mkimaliza, ulibadilishe kweli alilolisema, na juma linalofuata umwonyeshe matokeo. Mtu aliyekusaidia wewe ni vigumu akufungie mlango.

Ukiingia kwake acha neno "kukusaidia". Chukua madaftari matatu ya watoto wake, yatandaze mezani, uulize: "Huyu unaona amekwama wapi, Mwalimu?" Kisha nyamaza. Ugonjwa wa makocha vijana ni kujibu swali walilouliza wenyewe. Maswali yako yahusu mtoto: "Juma aliposoma 'dizi' badala ya 'ndizi', ulimsikia?" ni swali linalojibika. "Kwa nini hukumsahihisha Juma?" ni kesi.

Usimsahihishe mbele ya watoto, hata kwa sauti ya chini. Mkikubaliana mapema unaweza kuwa na ishara, kwa mfano kugusa sikio maana yake "rudia, nyuma hawajasikia", bila ishara hiyo kaa kimya hadi mtoke.

Na uchunguze kama kukataa kwake si kukataa. Mwalimu mwenye watoto 90 na sauti iliyokwisha anaweza kusema maneno ya kiburi kwa sababu ya uchovu. Mpe kitu cha kumpunguzia kazi kwanza: mkatie kadi za silabi, mpimie watoto 20. Akikataa kabisa mwache, nenda kwa jirani yake aliye tayari.

Nafundisha Hisabati Gredi ya 7. Kocha wetu ni mwalimu wa Kiswahili. Watoto wangu wanakosa hata 402 − 178, nami nina aljebra ya kumaliza. Asiyefundisha Hisabati atanifaa nini?
*Mwalimu wa sekondari msingi, Embakasi*

Atakufaa nusu. Kuwatazama watoto, kuhesabu nani amejibu, kukuwekea nidhamu ya kukutana kila juma, hayo anaweza. Kufasiri makosa ya Hisabati inabidi ufanye wewe, au umtafute mwalimu mwenzako wa Hisabati mketi watatu. Kocha anayejifanya anajua kila somo ni hasara.

Lifanyeni hili pamoja. Wape watoto swali lako hilo hilo na mengine manne ya aina yake, dakika 10, kwenye vipande vya karatasi. Usiweke vyema wala makosa. Vipange mafungu kwa jibu lililoandikwa. Utakuta mafungu kama haya.

Fungu la 376. Hawa hawakukosea bahati mbaya. Kila safu walitoa ndogo kutoka kubwa: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Kwao kutoa ni kutafuta tofauti ya tarakimu mbili, ipi iko juu si neno.

Fungu la 134. Hawa wanajua kukopa, ila sifuri imewazuia njia. Walikopa mia wakairusha moja kwa moja kwenye mamoja ikawa kumi tu, 12 toa 8 ni 4. Kwenye makumi wakakopa mia nyingine, 10 toa 7 ni 3. Zikabaki mia mbili, toa moja, ni 1. Njiani wamepoteza 90, na 90 ndiyo tofauti kati ya jibu lao na 224 lililo sahihi.

Mafungu haya mawili yakipewa marekebisho yale yale, moja halitaambulia kitu. Hapa ndipo masomo ya ziada ya Jumamosi hufeli: wote wanarudiwa somo zima, kwa sauti kubwa zaidi.

Fungu la pili lipe pesa za karatasi. Noti nne za mia, hakuna sarafu ya kumi, sarafu mbili za shilingi moja. Mtoto anadaiwa shilingi 178 na konda. Ana shilingi mbili, anatakiwa atoe nane. Hawezi kuivunja mia kuwa shilingi kumi, hata konda mwenyewe atacheka. Inabidi avunje mia moja apate sarafu kumi za kumi, kisha avunje moja ya hizo apate shilingi kumi. Sasa anazo mia 3, kumi 9 na shilingi 12. Alipe: zinabaki 2, 2 na 4. Afanye mara tano kwa mkono kabla ya kuandika, na anapoandika aiseme hatua kwa mdomo: "Nimevunja mia. Nimevunja kumi." Maneno "kukopa kwa jirani" yaacheni kwa muda, maana jirani hapa hana kitu.

Fungu la kwanza waanzie mbali zaidi, na 32 − 18 kwa vifurushi vya vijiti kumi kumi. Waonyeshe kwamba vijiti 8 havitoki kwenye 2, mpaka kifurushi kifunguliwe.

Muda? Dakika 8 za mwanzo wa kipindi cha dakika 40, siku tatu kwa juma, wengine wakifanya zoezi la jana. Kazi ya kocha wako wakati huo ni kukaa na fungu moja na kuandika maneno ya watoto kama walivyoyasema. Mwalimu wa Kiswahili anaiweza hiyo kuliko wengi. Na aljebra yako itakwama hata hivyo kama darasa haliwezi kutoa, kwa hiyo dakika hizo si za kupotea.

Mwanangu yuko Gredi ya 4, husoma kwa kubahatisha na ameanza kuitwa mvivu. Nimesikia shuleni kuna kocha. Mbona haketi na mtoto wangu?
*Mama, Umoja*

Mama, kocha ni wa mwalimu. Akimwezesha mwalimu mmoja, darasa zima linafaidi, na mwaka ujao pia. Unachoweza kudai ni majibu ya maswali matatu: mtoto yuko kundi gani la kusoma, lengo lake la majuma haya ni lipi, na lini atapimwa tena. Shule isiyoweza kujibu hayo haijaanza.

Kabla ya hapo kagua macho na masikio. Je, hukunja uso akitazama ubao, hunakili kutoka kwa jirani, huomba kurudiwa rudiwa, hugeuza upande mmoja wa kichwa akiitwa? Kumketisha mbele si tiba. Mpeleke akapimwe hospitalini, na kama mashaka ni ya kujifunza kwenyewe, waulize shuleni kuhusu kituo cha EARC. Vituo hivi vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa 1984. Pia kuna KISE, taasisi ya elimu maalumu, huko Kasarani. Ukocha mzuri kiasi gani hautamfundisha kusoma mtoto asiyeona ubao.

Tumefanya ukocha muhula mzima na alama za mtihani hazijasonga. Wazazi wanauliza. Walimu nao wanalia hawana muda. Niendelee?
*Mwalimu mkuu, Kibra*

Kwanza hesabu vikao vilivyofanyika, si vilivyopangwa. Ukichukua daftari la kocha ukakuta kila mwalimu alipata mazungumzo mawili muhula mzima, basi ukocha haujafeli, haujafanyika.

Pili, ahadi iwe ya kweli. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake walikusanya tafiti 60 za ukocha wa walimu na kupima athari kwa kipimo cha mkengeuko sanifu, yaani jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani: ufundishaji ulipanda kwa 0.49, alama za wanafunzi kwa 0.18. Yaani mwalimu hubadilika mapema na kwa wingi, alama hufuata kwa mwendo wa kinyonga. Waligundua pia kwamba miradi ikitanuka athari hupungua, nasi tunaona ni onyo tosha kwa anayetaka kuanza na walimu wake wote.

Tatu, mtihani wa mwisho wa muhula hauwezi kuona mtoto aliyetoka silabi akafika maneno. Bado atapata sifuri kwenye ufahamu. Rudieni karatasi ya kupima kusoma, kwa maneno mapya, muwaonyeshe wazazi idadi: walikuwa wangapi kila kundi mwezi wa kwanza, ni wangapi sasa. Mzazi anaielewa jedwali hiyo kuliko wastani wa alama.

Muda unaweza kuupata wewe. Ingia darasa moja kila siku kwa dakika 20 uwasimulie watoto hadithi au uwasomee, mwalimu akutane na kocha. Siku tano ni vikao vitano, bila shilingi. Asiyeweza kutazamwa kwa sababu ratiba zinagongana ajirekodi dakika 10 kwa simu. Simu iwekwe kwenye dirisha karibu na watoto wa kundi la chini, kwani ikiwa mbele itanasa sauti ya mwalimu tu. Omba idhini ya wazazi kwanza, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawagusa watoto pia. Video itazamwe na watu wawili, ifutwe siku hiyo hiyo, na isiingie kwenye kundi la WhatsApp la shule hata kama ni ya kusifia.